Amehitimu, Lakini Sanduku Lake la Vifaa Liko Wapi?

Kama umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Nairobi hadi Meru kwa njia ya Embu, bila shaka umepita Runyenjes, hata kama wakati huo ulikuwa umesinzia huku umeegemea dirisha. Ni mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mwendo mfupi baada ya Embu unapoelekea Chuka. Upande wa juu, karibu na msitu, kuna majani chai. Katikati kuna kahawa, migomba, makadamia na ng'ombe wa maziwa. Ukiteremka kuelekea Mbeere, joto huongezeka na mashamba huwa ya mahindi, maharagwe na muguka.

Siku moja, badala ya kupita tu, hebu shuka. Tembea polepole kando ya barabara na uangalie. Utamwona mchomeleaji amevaa miwani myeusi, anaunganisha vyuma vya lango. Utamwona seremala akipiga randa mbao za kitanda, na fundi wa pikipiki akiwa amezungukwa na vipande vya injini juu ya gunia. Barazani utamkuta mama na cherehani yake, na mbele yake wateja wawili wanangoja sare za shule.

Kisha geuza macho uangalie ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha bodaboda. Vijana wamekaa juu ya pikipiki ambazo nyingi si zao, wakingoja abiria ambaye huenda asije. Ukizungumza nao kwa heshima, hutakosa mmoja aliye na cheti cha ufundi nyumbani. Cheti hicho kimetiwa ndani ya karatasi ya plastiki na mama yake amekihifadhi pamoja na hati ya shamba.

Hicho ndicho kitendawili cha leo. Upande mmoja wa barabara pana kazi. Upande wa pili pana cheti. Mbona havikutani?

Usiseme jambo hili ni la watu wa mashambani tu, wewe uliye Umoja, Kayole au Buruburu. Kijana huyo huenda ni mpwa wako. Huenda wewe ndiwe uliyetuma nusu ya karo kwa simu. Na kama una mtoto aliye Kidato cha Nne, basi swali hili linabisha mlangoni pako pia.

Tuanze na hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2023, watahiniwa walikuwa kama 900,000. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo tikiti ya chuo kikuu, walikuwa kama 201,000 tu. Maana yake ni kwamba katika kila watahiniwa kumi, karibu wanane walibaki nje ya mlango huo. Hao si wajinga. Ni watoto wetu, na kwa wengi wao njia iliyo wazi ni ufundi.

Zamani kijana wa Runyenjes alikuwa na njia nyingine, nayo ni shamba. Baba alimkatia kipande, akapanda kahawa, akaoa. Lakini mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Tangu hapo imekuwa ikipanda na kushuka bila ya mkulima kuwa na la kusema. Shamba nalo limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hadi mashina ya kahawa unaweza kuyahesabu ukiwa umesimama mlangoni. Ndiyo maana mzazi wa leo huko haulizi, "Nitampa nani shamba?" Huuliza, "Huyu nitampeleka chuo gani?"

Hebu basi tumfikirie kijana mmoja wa hapo. Simtaji jina kwa sababu si mmoja, ni wengi. Alipata D+ katika KCSE. Baba yake alipopokea bonasi ya majani chai, alitoa sehemu kubwa ya fedha hizo akampeleka mwanawe chuoni kusomea ufundi wa umeme. Nyumba iliyokuwa ipakwe rangi ikangoja. Dada yake aliyetaka cherehani akaambiwa asubiri mwaka ujao.

Kijana akasoma. Kwa muda mrefu alinakili maandishi ubaoni. Mashine ilipoletwa, ilikuwa moja, na wanafunzi walioizunguka ni thelathini. Aliyeishika ni mkufunzi. Wengine walichora picha yake na kuandika majina ya sehemu zake. Ulipofika wakati wa mafunzo ya kazini, alipata nafasi katika afisi moja ambako alitumwa chai, akapanga mafaili, na mwishoni akatiwa saini kitabu chake. Akarudi, akafanya mtihani, akapita.

Siku ya kuhitimu mbuzi alichinjwa, hema likakodiwa, na picha zikapigwa akiwa amevaa joho. Wiki iliyofuata jirani akamwita: "Mwanangu, umesomea stima. Njoo unitilie waya katika nyumba yangu ya vyumba viwili." Kijana akafika. Hakuwa na koleo, hakuwa na bisibisi ya kupimia umeme, wala hakuwa na mita. Na jambo lililomwumiza zaidi ni kwamba hajawahi kutia waya katika nyumba nzima, hata mara moja. Akasema, "Nitarudi kesho." Kesho hiyo haikufika. Jirani akamwita fundi mwingine, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga mlango wa chuo, lakini ana mkoba begani, na ndani ya mkoba huo kila kitu kimo.

Leo kijana wetu anaendesha bodaboda ya mtu. Nasi wazee tunapokutana tunasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka kazi za kukalia viti. La hasha! Kijana huyu hakukataa kazi. Kazi ilimjia hadi mlangoni ikamkuta hayuko tayari, na kutokuwa tayari huko kuligharimiwa na bonasi ya baba yake.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kila aliyepika kwa kuni anajua kwamba mafiga ni matatu. Ufundi nao una mafiga yake matatu. La kwanza ni darasa, ambapo kijana hufundishwa kwa nini waya huu ni mnene na ule ni mwembamba. La pili ni fundi mzoefu, ambaye kijana hukaa naye kama mwanagenzi, akakosea mbele yake na kurekebishwa. La tatu ni vifaa vyake mwenyewe. Kwa miaka mingi sisi Wakenya tumekuwa tukijenga figa la kwanza peke yake, kisha tunashangaa kwamba chungu kinaanguka.

Si kwamba hatukujua. Mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza swali moja zito: baada ya shule, kijana afanye nini? Wakati huo watoto wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi bila ya kupata nafasi katika sekondari. Kutokana na ripoti hiyo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wengi wetu tulizoea kuviita polytechnic za kijiji. Nia ilikuwa nzuri. Chuo kiwe cha gharama ndogo, kifundishe kazi inayohitajika papo hapo kijijini, na kijana akitoka aanze kujitegemea akiwa kwao. Serikali ikaunga mkono, na katika miaka ya 1970 vyuo hivyo vikaenea nchini.

Kilichoharibika ni nini? Mambo mawili. Kwanza, sisi wazazi tulitaka karatasi. Tuliuliza cheti kabla ya kuuliza kazi, na vyuo vikageuka polepole vikawa mahali pa kujiandaa kwa mitihani ya serikali ya kupima viwango vya mafundi. Pili, masomo yaliganda. Wavulana useremala na uashi, wasichana ushonaji, mwaka nenda mwaka rudi. Kijiji kinahitaji maseremala, ni kweli, lakini kinahitaji wangapi? Ikifika mahali ambapo kila njia panda ina seremala, yule anayehitimu mwaka huu atamtengenezea nani kiti?

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Wewe uliyesoma wakati huo unakumbuka. Tulijenga vibanda vya useremala kwa michango ya wazazi, tukapeleka mbao na gundi shuleni, tukapika maandazi ya sayansi ya nyumbani ambayo walimu ndio waliyala. Wazo la kumpa mtoto ujuzi wa mikono halikuwa baya. Lakini vifaa vilikuwa haba, walimu wengi hawakuwa mafundi, na mwisho wa yote somo la mikono likapimwa kwa kalamu na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi ya masomo hayo yalipunguzwa au yakaachwa. Figa lilikuwa lile lile moja.

Sasa nikupe mfano mwingine kutoka hapa hapa Kenya, ambao watu wengi wameusahau. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa watu wa jua kali vocha za mafunzo. Mwenye vocha alichangia sehemu ndogo ya gharama, kisha akachagua mwenyewe mahali pa kujifunza. Wengi walidhani watu watakimbilia vyuo vikubwa. Walishangaa. Idadi kubwa ya waliopata vocha waliwachagua mafundi wazoefu, watu wenye vibanda vyao, wanaofundisha huku wakifanya kazi ya mteja. Mtu wa jua kali alipopewa nguvu ya kuchagua, alichagua figa la pili, lile ambalo vyuo vilikuwa vimelisahau.

Hapa msomaji mmoja ataniambia, "Mwandishi, basi tufunge vyuo, watoto waende moja kwa moja kwa mafundi." Hapana, si hivyo. Huo ungekuwa ni kuondoa figa moja na kuweka jingine. Mrudie yule fundi mwenye mkoba. Ametia waya vizuri katika nyumba ya jirani. Lakini ili kampuni ya umeme iunganishe stima, lazima kazi hiyo ithibitishwe kwa saini ya fundi mwenye leseni. Leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, nayo hutaka kuona masomo pamoja na uzoefu wa kazi. Fundi wa mkoba ana uzoefu lakini hana masomo. Kijana wetu ana masomo lakini hana uzoefu. Kila mmoja ana nusu ya kile mwenzake anachohitaji, na wanaishi katika mtaa mmoja. Ni nani atakayewakutanisha?

Wajerumani walilijibu swali hilo zamani. Kwao, kijana anayejifunza ufundi hufanya mkataba na kampuni au fundi mwajiri. Sehemu kubwa ya wiki, siku tatu au nne, huwa kazini akilipwa posho. Siku moja au mbili huenda darasani. Huendelea hivyo kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Hakuna siku ambayo darasa linakuwa mbali na kazi. Akihitimu, mwajiri wake anamjua, na mikono yake imezoea.

Jirani zetu wa Tanzania nao waliunda VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na wakaamua kwamba sehemu ya tozo wanayolipa waajiri igharimie mafunzo ya ufundi. Lililonipendeza zaidi ni kwamba VETA huwapima pia mafundi waliojifunzia mitaani. Fundi gereji ambaye hakusoma chuoni huonyesha kazi yake, hufundishwa pale penye upungufu, kisha hupewa cheti.

Sisi Kenya hatuko nyuma kwa sheria. Tuna Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013, iliyounda mamlaka ya TVETA ya kusajili na kukagua vyuo. Tuna NITA inayosimamia mafunzo viwandani, na waajiri hutozwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo hayo. Tumeanza kufundisha kwa mtaala wa umilisi, ambapo mwanafunzi hupimwa kwa kufanya kazi mbele ya mtahini, si kwa kuandika tu. Tuna hata utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia nje ya darasa, kama ule wa Tanzania. Katika miaka ya 2010 serikali iliazimia kujenga chuo cha kiufundi katika kila eneo bunge, na Runyenjes pia ina chuo chenye jina la mji wenyewe.

Kwa hivyo majengo yapo na sheria zipo. Kinachobaki ni kazi ambayo haionekani kwenye picha za magazeti siku ya ufunguzi. Ni kuyaweka yale mafiga mawili mengine. Nayo, kwa maoni yangu, inaweza kuanzia mahali kama Runyenjes kwa hatua ambazo hazihitaji kungoja Nairobi.

Hatua ya kwanza ni chuo kutoka nje ya lango lake. Pembezoni mwa mji kuna viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika, vyenye mashine za kuambua kahawa ambazo lazima ziwe tayari kabla ya msimu. Juu huko kuna viwanda vya majani chai vyenye mitambo ya joto, mota na mikanda. Kuna vituo vya kupozea maziwa. Kuna mabomba ya maji yanayoteremka kutoka mlimani hadi mashambani. Kuna pikipiki ambazo kila siku huharibika. Kila mojawapo ya hizo ni darasa lililo tayari. Mkuu wa chuo akae chini na wasimamizi wa kazi hizo waandikiane: mwanafunzi wangu atakuja kwako siku kadhaa kila wiki, atafanya kazi hizi na hizi, na wewe ndiwe utakayeniambia kama ameweza. Hapo mafunzo ya kazini hayatakuwa tena ya kutumwa chai.

Hatua ya pili ni kumleta yule fundi wa mkoba chuoni. Aje kama mwalimu wa vitendo siku moja kwa wiki, alipwe, na wakati huo huo asaidiwe kupimwa na kupata cheti chake. Darasa litapata mikono, naye atapata karatasi.

Hatua ya tatu ni kuacha kufundisha jambo kwa sababu tu lilifundishwa jana. Chuo kiulize kila baada ya miaka michache: nani ananunua kazi hii hapa? Leo mkulima anataka mtu wa kumtengenezea mitambo ya umeme wa jua, mabomba ya kunyunyizia maji kwa matone, na jokofu la maziwa. Kesho pikipiki za umeme zitakapozidi, fundi anayejua petroli peke yake ataanza kukosa wateja. Na wasichana wasisukumwe tena wote kwenye cherehani. Mama mwenye nyumba aliye peke yake mchana mara nyingi atafurahi zaidi kumfungulia mlango fundi wa kike wa mabomba.

Hatua ya nne ni kufundisha biashara pamoja na ufundi. Shirika la Taifa la Takwimu lilieleza kwamba katika nafasi mpya za kazi kama 782,000 zilizopatikana mwaka 2024, zipatazo 704,000 zilikuwa za jua kali. Hiyo ni tisa katika kila kumi. Maana yake ni kwamba kijana anayehitimu leo hatapigiwa simu na kampuni. Atakuwa bosi wake mwenyewe. Je, anajua kukadiria gharama ya kazi? Anajua kuandika risiti, kudai malipo ya awali bila ya kumkasirisha mteja, na kutenga fedha za vifaa kabla ya kununua viatu? Mafundi wengi hodari wamefilisika kwa kukosa hayo, si kwa kukosa ujuzi.

Nawe mzazi unayesoma gazeti hili Jumapili baada ya ibada, una sehemu yako. Nakuomba ufanye mambo matatu.

La kwanza, acha kumwambia mtoto kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Mtoto huingia karakana akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu sisi tulimwinamisha. Siku bomba lako linapopasuka usiku, humwiti mwenye shahada ya falsafa.

La pili, kabla ya kulipa karo, nenda chuoni mwenyewe uulize maswali manne. Chuo hiki kimesajiliwa na TVETA? Katika wiki moja, mtoto wangu atashika vifaa kwa saa ngapi, na mashine moja hutumiwa na wanafunzi wangapi? Nani hutoa mtihani na cheti? Na waliohitimu mwaka jana, wako wapi leo? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Chuo kizuri kitakutajia gereji na viwanda walimo. Chuo kingine kitakuonyesha picha za mahafali. Tazama pia alama za mtoto bila ya haya. Kwa kawaida diploma huhitaji C-, kozi ya cheti huhitaji D, na kozi ya fundi stadi iko wazi kwa wote. Usimsukume mtoto kwenye diploma ili upate la kuwaambia majirani. Fundi stadi anaweza kupanda ngazi baadaye akiwa tayari anakula jasho lake.

Ukiona mambo hayaendi, ujue pia pa kulalamikia. Kwa Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijiji viko chini ya serikali ya kaunti. Vyuo vya kiufundi vya maeneo bunge na vile vikubwa vya kitaifa viko chini ya serikali kuu. Mwakilishi wa wadi asikupeleke kwa mbunge, wala mbunge asikurudishe kwa mwakilishi wa wadi.

La tatu, na hili nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu najua tunavyopenda sherehe, siku mwanao atakapohitimu, punguza mbuzi. Lipunguze hema. Kodisha gari moja badala ya mawili. Fedha hizo mpe kwa umbo la sanduku la vifaa. Kama ni mwashi, mpe mwiko, timazi na pimamaji. Kama ni seremala, mpe randa, msumeno na patasi. Kama ni fundi wa umeme, mpe koleo, bisibisi na mita. Wajomba na shangazi walio mjini, badala ya kila mmoja kutuma kidogo cha chakula, kila mmoja anunue kifaa kimoja. Kamati ya mazishi na ya harusi tunajua kuiunda kwa siku mbili. Tushindwe kuunda kamati ya sanduku la vifaa?

Nasi tulio na biashara, tuwe na mlango wazi. Mwenye gereji, mwenye kiwanda, mwenye duka la vyuma: mpokee mwanagenzi mmoja kila mwaka. Usimwogope kwamba atakunyang'anya wateja. Aliyekufundisha wewe naye alikupokea.

Mrudie sasa kijana wetu pale ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha bodaboda. Umri wake bado ni mdogo. Cheti chake bado kiko salama kwa mama yake. Hahitaji kuanza upya. Anahitaji mwaka mmoja wa kutembea nyuma ya yule fundi wa mkoba, akishika waya, akikosea na kurekebishwa. Anahitaji mjomba mmoja wa kumnunulia koleo na shangazi mmoja wa kumnunulia mita. Kisha jirani akimwita tena, asiseme "nitarudi kesho." Aseme, "Nimekuja."

Elimu bila amali, wahenga walisema, ni kama nta bila asali. Nta tunayo ya kutosha, imejaa kwenye bahasha na makabati ya akina mama kutoka Runyenjes hadi Nairobi. Tutafute asali.

Tukutane Jumapili ijayo, na kama kuna kijana nyumbani kwako aliye na cheti kisicho na kazi, msomee ukurasa huu, kisha muulize swali moja tu: "Sanduku lako la vifaa liko wapi?" Akinyamaza, ujue jibu ni lako pia.